Bili ya daktari wa imajensi: je, mama mwenye Medicare na Medicaid anadaiwa kweli?

*"Mama yangu ana miaka 71, tunaishi Louisville, Kentucky. Ana Medicare, ile kadi nyekundu, nyeupe na buluu, na pia ana Medicaid. Mwezi wa tatu alibanwa na kifua usiku, tukamkimbiza imajensi. Walimpima moyo na damu, akashinda pale mpaka asubuhi, wakamruhusu. Hospitali haikutudai kitu. Sasa miezi minne imepita, imekuja bili ya dola 183 kutoka kampuni tusiyoijua, ya jimbo jingine kabisa, ina jina la daktari. Nimemtafuta mtandaoni: ukurasa mmoja unasema ni bingwa aliyethibitishwa, mwingine hauonyeshi chochote, mmoja unasema anapokea Medicare, mwingine unasema hapokei Medicaid. Halafu baada ya jina lake kuna herufi DO, si MD. Je, huyu ni daktari kamili? Kama hapokei Medicaid, ni lazima tulipe? Na kama tungeuliza mapema, tungeweza kumkataa?"*

Poleni kwa usiku ule, na mpe mama salamu. (Kwa msomaji mgeni: Medicare ni bima ya serikali ya Marekani kwa wazee na walemavu, Medicaid ni ya wenye kipato kidogo.) Kwa ufupi: DO ni daktari kamili. Hizo dola 183 msizilipe bado, kwa sababu upo uwezekano mkubwa kwamba sheria ya shirikisho inakataza mama kudaiwa hata senti moja. Na kumchunguza daktari kabla hajamgusa mgonjwa mwenye maumivu ya kifua si kazi ambayo mtu yeyote anategemea muifanye.

Shida ya kurasa ulizosoma ni kwamba zinachanganya mambo mawili yasiyohusiana sana. Elimu na leseni ni vya daktari mwenyewe. Bili si yake, ni ya kampuni inayomwajiri. Unaweza kumkuta daktari mwenye vyeti safi kabisa ambaye bili yake imetumwa kinyume cha sheria. Kwa hiyo tuyatenganishe.

Aliyezoea hospitali za kwetu, ambako kitanda, vipimo, dawa na daktari viko kwenye risiti moja, hushtuka anapopata bili mbili za usiku mmoja. Marekani hilo ni jambo la kawaida. Hospitali hudai chumba, wauguzi, mashine na maabara. Daktari wa imajensi mara nyingi si mwajiriwa wa hospitali, bali wa kampuni yenye mkataba wa kuleta madaktari katika idara hiyo, na kampuni hiyo hutuma dai lake kwa kazi ya daktari tu: kumsikiliza mgonjwa, kumpima, kusoma majibu na kuamua. Kwenye bili tafuta namba ya tarakimu tano kati ya 99281 na 99285. Hizo ndizo namba za huduma ya daktari wa imajensi, na kadiri tatizo lilivyokuwa zito ndivyo namba inavyopanda. Mgonjwa wa kifua aliyepimwa moyo na damu kwa kawaida huangukia 99284 au 99285, kwa hiyo namba kubwa peke yake si dalili ya wizi.

Sasa hizo herufi. Hapa Marekani kuna njia mbili za kuwa daktari. MD ndiyo mnayoijua. DO husoma chuo cha tiba miaka minne vilevile, akaongezewa mafunzo ya mifupa na misuli. Anaandika dawa, anapasua, anaongoza idara. Tangu 2020 mafunzo ya ubingwa ya MD na DO yako chini ya mfumo mmoja wa ithibati, na huko Kentucky bodi ya leseni ni ileile kwa wote wawili. Kinachowatisha watu ni kwamba Ulaya neno linalofanana na hilo humtaja mtu wa kunyoosha mgongo ambaye si daktari. Huyo ni mwingine.

Ukitaka kumhakiki kwa uhakika, anza na leseni, maana bila leseni hakuna daktari. Nenda kwenye tovuti ya Kentucky Board of Medical Licensure, andika jina lake, utaona kama leseni iko hai, inaisha lini, na kama amewahi kuadhibiwa. Ni bure. Hakikisha unatafuta katika jimbo alikotibiwa mama, si jimbo la anwani ya bili. Ile anwani mara nyingi ni ofisi ya wahasibu tu. Kama amefanya kazi majimbo kadhaa, tovuti ya DocInfo ya shirikisho la bodi za leseni huonyesha leseni zake kwa pamoja.

Namba iitwayo NPI, yenye tarakimu kumi, utaikuta kila mahali, na wengi huichukulia kama cheti. Siyo. Ni namba ya utambulisho kwa ajili ya madai ya bima, na taarifa zilizoambatana nayo, pamoja na fani, amezijaza daktari mwenyewe au karani wake. Kama alihama hospitali miaka mitatu iliyopita na hakuna aliyesahihisha, anwani ya zamani bado ipo. Tovuti nyingi za wasifu wa madaktari huchota humo, ndiyo maana zinagongana. NPI ni nzuri kwa kujua mnazungumzia mtu mmoja na si majina yaliyofanana. Zaidi ya hapo usiitegemee.

Ubingwa ni ngazi nyingine. Tiba ya dharura ilitambuliwa rasmi Marekani kuwa fani inayojitegemea mwaka 1979. Daktari humaliza chuo, hufanya mafunzo ya ubingwa miaka mitatu au minne, kisha hukaa mitihani ya bodi. Bodi kubwa ni ABEM. Madaktari wa DO wana bodi yao pia, AOBEM, lakini wengi wao huchagua ABEM. Hapa ndipo ninapodhani fumbo lako linafumbuka: tovuti ya Certification Matters huonyesha bodi za kundi la ABMS, muungano wa bodi za ubingwa, ambamo ABEM imo na AOBEM haimo. Daktari wa DO aliyethibitishwa na AOBEM ni bingwa halali ambaye ukimtafuta pale hutamwona. Uwezekano mwingine ni kwamba amemaliza mafunzo juzi na bado yuko kwenye mitihani. Na katika hospitali ndogo za vijijini utakuta imajensi inashikwa na bingwa wa tiba ya familia, jambo ambalo ni halali na la kawaida, kwa sababu sheria inadai leseni. Cheti cha bodi ni sharti la hospitali, na kila hospitali ina vigezo vyake. Mimi nikiona leseni hai isiyo na doa na daktari anayefanya kazi katika hospitali inayohakiki vyeti, sipotezi usingizi kwa ukurasa mmoja mtupu.

Kwenye pesa ndiko kwenye kazi.

Daktari na Medicare wanaweza kuwa na uhusiano wa aina tatu. Wa kwanza ni mshiriki: amesaini mkataba wa kukubali bei ya Medicare kwa kila mgonjwa wa Medicare, mwaka mzima. Medicare hulipa asilimia 80 ya bei hiyo, asilimia 20 inabaki kwa mgonjwa, basi. Wa pili amesajiliwa lakini si mshiriki: bei yake inayotambuliwa hupunguzwa hadi asilimia 95, ila anaruhusiwa kudai hadi asilimia 15 juu ya hapo. Chukua huduma ambayo bei ya Medicare ni dola 180, nimechagua namba hiyo kwa mfano tu. Mshiriki: Medicare inatoa 144, mgonjwa 36. Asiye mshiriki: bei inashuka hadi 171, kikomo cha kudai kinakuwa dola 196 na senti 65, Medicare inachangia 136 na senti 80, na mgonjwa anaweza kubakiwa na karibu 60. Wa tatu amejitoa kabisa katika Medicare na hutibu kwa mikataba ya binafsi. Huyo ndiye watu wanayemwogopa, lakini sheria imemfungia mlango: haruhusiwi kumsainisha mgonjwa mkataba wa namna hiyo akiwa katika hali ya dharura. Akimtibu mgonjwa wa imajensi asiye na mkataba naye, analazimika kupeleka dai Medicare na kufuata vikomo vyake kama wenzake.

Halafu kuna jambo ambalo kurasa za wasifu hazilisemi kamwe. Daktari aliyeajiriwa na kampuni huihamishia haki yake ya kulipwa na Medicare, na kampuni ikiwa imesaini ushiriki, inamfunga kila daktari anayedai kupitia kwake. Kwa hiyo swali la "je, daktari fulani anapokea Medicare?" linamlenga asiye mhusika. Uliza kampuni iliyo juu ya bili kama ni mshiriki. Vilevile ile kauli kwamba hapokei wagonjwa wapya wa Medicaid ni ya madaktari wenye kliniki. Daktari wa imajensi hana orodha ya wagonjwa wake. Anayeletwa na gari la wagonjwa ndiye mgonjwa wake.

Kwa nini 183 hasa, na si asilimia 20? Nadhani ni kwa sababu ya mwezi wa tatu. Kila mwaka mgonjwa wa Part B, ile sehemu ya Medicare inayolipia madaktari, hutakiwa kulipa mwenyewe kiasi cha kuanzia kabla Medicare haijaanza kuchangia: dola 257 mwaka 2025, dola 283 mwaka 2026. Mapema katika mwaka kiasi hicho huwa hakijaisha, kwa hiyo bei yote ya daktari inamwangukia mgonjwa. Kwa mtu mwenye Medicare peke yake, bili kama hiyo inaweza kuwa sahihi kabisa.

Lakini mama ana Medicaid pia, na swali linalobaki ni moja: je, yuko katika kundi linaloitwa QMB? Hili ni kundi la wazee na walemavu wenye Medicare ambao kipato chao kiko karibu na mstari wa umaskini, na jimbo limekubali kubeba sehemu yao ya gharama za Medicare. Mwenye QMB hadaiwi kiasi cha kuanzia wala ile asilimia 20 kwa huduma yoyote inayolipiwa na Medicare. Katazo hili linamfunga kila daktari anayelipwa na Medicare, hata kama hajajisajili na Medicaid ya Kentucky, hata kama yuko jimbo jingine. Medicaid ikilipa kidogo au isipolipa kabisa, daktari anabeba hasara hiyo. Na usitishwe na karatasi mliyosaini mapokezini usiku ule, yenye maneno ya kukubali kulipa chochote ambacho bima haitalipa: haki ya QMB haifutwi kwa saini.

Angalizo: si kila mwenye kadi zote mbili ni QMB. Wapo ambao jimbo huwalipia ada ya mwezi ya Part B tu, kundi la SLMB, na hao asilimia 20 huweza kuwahusu. Kadi yenyewe mara nyingi haisemi. Kinachosema ni taarifa ya Medicare iitwayo Medicare Summary Notice, inayokuja kwa posta au inayosomwa wakati wowote kwenye akaunti ya mama ya Medicare.gov. Tafuta tarehe ya usiku ule na jina la daktari huyo, kisha nenda kwenye safu iliyoandikwa "Maximum You May Be Billed", yaani kiasi cha juu mnachoweza kudaiwa. Pale pakiwa na sifuri na maelezo ya QMB chini yake, mjadala umekwisha. Pakiwa na 183, piga simu Medicaid ya Kentucky uulize hali ya mama tarehe hiyo hasa, si leo, kwa kuwa watu huingia na kutoka katika makundi haya mwaka ukigeuka. Dai lenyewe lisipokuwepo kabisa kwenye taarifa, basi kampuni haijalipeleka Medicare, na ni wajibu wao kulipeleka ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya huduma. Wakichelewa, hasara ni yao, hawawezi kuigeuzia kwenu.

Kama sheria iko wazi hivi, kwa nini bili imekuja? Mara nyingi hakuna mtu aliyeamua kuwadai. Karani wa mapokezi ya hospitali anaingiza kadi ya Medicare, ya Medicaid inabaki mkobani. Hospitali baadaye inasahihisha kwenye kompyuta yake, lakini kampuni ya madaktari ilishachukua nakala ya usiku ule na haikuiona tena. Au Medicare inasukuma dai kwenda Medicaid, Medicaid inalirudisha kwa sababu kampuni haijasajiliwa Kentucky, na programu ya bili inahamisha kilichobaki kwa mgonjwa bila jicho la binadamu.

Kwa hiyo pigeni simu kwenye namba ya bili, mama akiwa karibu, maana watamtaka athibitishe jina na tarehe ya kuzaliwa kabla ya kuzungumza nawe. Ombeni mkalimani wa Kiswahili. Medicare na Medicaid wana huduma hiyo bure, hospitali pia, na kampuni yoyote inayopokea pesa za afya za serikali ina wajibu wa kusaidia lugha. Semeni mambo haya tu: mama ana Medicare, ana Medicaid, namba yake hii, ni QMB kwa tarehe ya huduma, sheria inakataza kumdai, tunaomba mfute salio na mtume barua ya kuthibitisha. Andikeni jina la mliyezungumza naye na saa. Kisha tumeni barua yenye maneno hayohayo, pamoja na nakala ya ukurasa wa taarifa ya Medicare, kwa posta inayotoa risiti ya kupokelewa. Simu husahaulika, na mtu wa pili atakayepokea atasema haoni kitu kwenye faili. Kama mlishalipa sehemu, dai kurudishiwa. Mwenye QMB ana haki hiyo.

Msitoe namba ya kadi ya benki kwenye simu hiyo, hata kwa "mpango mdogo wa dola 20 kwa mwezi". Kuanza kulipa kidogo kidogo deni lisilo lenu ndiyo kosa ninaloliona zaidi katika familia zenye adabu ya kulipa madeni. Na mtu akiwapigia ninyi kwanza akitaka namba ya Medicare ya mama, kateni. Mpigie wewe kwa namba iliyo kwenye karatasi.

Tuseme mama si QMB, na taarifa inaonyesha kweli anadaiwa 183. Hapo kwanza hakikisha bili haizidi kiasi cha safu ile ya "Maximum You May Be Billed", kwani kilichozidi hakilipwi. Pili, ulizeni kampuni kama ina msaada wa kifedha. Mpango wa msaada wa hospitali wakati mwingine unahusu na madaktari wa imajensi, wakati mwingine hauhusu. Hospitali isiyo ya faida inatakiwa iwe na orodha ya madaktari wanaohusika. Kama tatizo ni Medicare kukataa dai, mna siku 120 tangu mpokee taarifa kukata rufaa ya kwanza, na maelekezo yapo kwenye ukurasa wa mwisho wa taarifa yenyewe.

Kwa wasomaji ambao wazazi wao wako kwenye Medicare Advantage, yaani mpango unaoendeshwa na kampuni binafsi: imajensi hulipiwa hata kama hospitali au daktari hayumo kwenye mtandao wa mpango. Wenye bima ya kazini wanalindwa na sheria ya No Surprises Act iliyoanza Januari 2022, inayomzuia daktari wa imajensi aliye nje ya mtandao kuwadai tofauti ya bei. Sheria hiyo haikugusa gari la wagonjwa la barabarani, na kwangu hilo ni pengo la aibu.

Kumkataa daktari usiku ule? Mgonjwa mwenye akili timamu ana haki ya kukataa mtu yeyote. Ila hospitali zenye Medicare zinalazimika, kwa sheria ya EMTALA ya 1986, kumpima na kumtuliza kila anayefika imajensi bila kusubiri habari za bima, na daktari wa zamu ndiye anayetimiza wajibu huo. Mkimkataa, anayefuata pengine ni wa kampuni ileile, na bei ni ileile. Mmepoteza dakika tu, na kwa moyo ulioziba dakika ni nyama ya moyo inayokufa. Kifua kikimrudia mama, piga 911. Hakuna karatasi ya kusoma kwanza.

Kuna hatua ambazo simu hazitoshi. Kampuni ikikataa kufuta salio, piga 1-800-633-4227, namba ya Medicare, useme mama ni QMB na anadaiwa. Wao huwaandikia watoa huduma. Kwa kukaa na mtu ana kwa ana mezani, kila jimbo lina washauri wa SHIP, bure, wasiouza bima yoyote. Namba yao ya taifa ni 1-877-839-2675. Nenda na kadi zote mbili, bili, bahasha yake yenye tarehe, na taarifa ya Medicare. Bili ikishapelekwa kwa kampuni ya kukusanya madeni, wana wajibu wa kuthibitisha deni mkiwaandikia ndani ya siku 30 tangu barua yao ya kwanza. Na ikija karatasi ya mahakama, hata kama mna hakika hamdaiwi, mpelekeeni wakili wa msaada wa kisheria wiki hiyohiyo: asiyejibu mahakamani huhukumiwa kulipa, na hapo hoja ya QMB inakuwa imechelewa.